Mbiu ya Ini: Mbona Kiungo Kijiponyacho Hupatwa na Saratani?

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nami ninaipiga mbiu hii katika gazeti letu la Chama cha Kiswahili si kwa kutaka kuonekana msomi, la hasha! Ni kwa sababu ya swali lililonikaba koo tangu likizo ya Aprili, na ambalo nilipoliuliza darasani wenzangu waliangua kicheko.

Mambo yalikuwa hivi. Katika ploti tunayokaa hapa Manyatta palikuwa na mzee mmoja fundi wa baiskeli, mtu wa watu, aliyetutilia upepo watoto wote bila kudai hata shilingi. Mzee huyo alianza kukonda. Macho yakageuka manjano, tumbo likafura kama ngoma, na kabla ya mwezi wa nne kwisha tulikuwa tumekwisha msindikiza kwao. Kule matangani kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema ni chira, yule akasema karogwa na ndugu zake kwa ajili ya shamba, mwingine akasema ni pombe, ilhali sisi majirani tulijua marehemu hakuonja hata kikombe cha busaa. Karatasi ya hospitali ilisema saratani ya ini.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa akitukumbusha kazi za ini tulizosoma kidato cha pili. Akasema kwamba ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata hukua tena. Hapo nikainua mkono. "Mwalimu, kama ini hujikuza upya, mbona watu hufa kwa ugonjwa wa ini?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki mezani akasema, "Hilo ni swali la chuo kikuu. Nenda ukatafute, halafu uje utufundishe."

Basi haya ndiyo niliyoyapata kwa kusoma na kuulizauliza. Nitalitaja jibu mapema ili nisikupotezee wakati: ini hupatwa na saratani kwa njia ile ile linayotumia kujiponya. Mbiu inayoita seli za ini zije kujenga ndiyo hiyo hiyo saratani inayoitumia. Tofauti ni kwamba katika ini zima kuna mbiu ya pili, mbiu ya kuacha, na seli ya saratani imekwisha kuziba sikio hilo.

Tuanze na ini lenyewe. Hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, na la mtu mzima huwa na uzito wa kilo moja unusu hivi, yaani halifiki gorogoro moja la mahindi. Karibu kila kitu unachokula, kikishafyonzwa na utumbo, hupelekwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Sukari hufika hapo, protini hufika hapo, dawa na sumu pia. Ini ni kama askari wa langoni anayekagua kila mzigo. Sasa askari wa langoni ndiye wa kwanza kupigwa, sivyo? Nafikiri ndiyo sababu Mungu akalipa uwezo wa kujijenga, ambao figo na moyo havikupewa kwa kiasi hicho.

Uwezo huo ulipimwa vizuri mwaka wa 1931. Wanasayansi wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliwakata panya thuluthi mbili za ini. Thuluthi moja tu ikabaki. Baada ya wiki moja hivi, uzito wa ini ulikuwa umekaribia kurudi ulivyokuwa. Lakini hapa wengi hukosea, hata mimi nilikosea mwanzoni. Ini haliotishi tena kile kipande kilichokatwa kama mjusi anavyootesha mkia. Kilichokatwa kimekwenda. Ni zile sehemu zilizobaki ambazo hunenepa mpaka uzito unaohitajika na mwili utimie. Hata binadamu ni vivyo hivyo. Wagonjwa wengine hutoka hapa Kenya kwenda India wakifuatana na ndugu wa kuwapa kipande cha ini. Ndugu huyo aweza kutoa zaidi ya nusu ya ini lake, na baada ya miezi michache lake na la mgonjwa yote mawili huwa yamekua.

Swali langu likawa: seli zilizobaki zinajuaje kwamba zenzake zimeondolewa? Seli haina macho.

Mwaka wa 1967 watafiti Moolten na Bucher, pia wa Marekani, walifanya jambo ambalo nililisoma mara tatu ili niamini. Waliunganisha mishipa ya damu ya panya wawili kwa mirija, damu ikawa inazunguka kati yao. Panya mmoja alikuwa amekatwa ini, mwingine alikuwa mzima kabisa. Kumbe ini la yule mzima nalo likaanza kutayarisha DNA mpya kana kwamba ndilo lililokatwa! Maana yake ni kwamba ndani ya damu kuna mbiu, na mbiu hiyo husikika na yeyote mwenye sikio.

Tangu wakati huo wapiga mbiu wametajwa mmoja mmoja. Nitawaeleza walio wakuu tu.

Katika hali ya kawaida seli za ini huwa kama zimelala. Zinafanya kazi zake zote lakini hazigawanyiki. Ini likiumia, wanaoshtuka mapema ni seli za Kupffer, ambazo ni askari wanaokaa katika vijia vya damu ndani ya ini wakila vijidudu na takataka. Hao hutoa kemikali ziitwazo sitokini, hasa TNF na interlukini-6. Kazi ya sitokini hizi ni kuamsha. Seli ya ini huamka, hukaa kitako, lakini bado haijashika jembe. Mwaka wa 1996 ilidhihirika kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya interlukini-6 wakikatwa ini hushindwa kulikuza vizuri, ila wakidungwa interlukini-6 yenyewe hali yao hutengenea.

Baada ya kuamshwa huja mbiu ya kazi. Iliyo kubwa huitwa HGF, na Mjapani Nakamura pamoja na wenzake walianza kuitambua mwaka wa 1984. Hii hutolewa hasa na seli za nyota, zilizopewa jina hilo kwa umbo lao, na ambazo wakati wa amani kazi yake ni kuweka akiba ya vitamini A. Juu ya ngozi ya kila seli ya ini kuna vipokezi, nami nitaviita masikio. Sikio la HGF huitwa Met. HGF ikilishika sikio hilo kwa nje, mkia wa Met ulio ndani ya seli hubadilika, na habari huanza kupokezanwa: Ras humwambia Raf, Raf humwambia MEK, MEK humwambia ERK, mara nyingi kwa mmoja kumbandika mwenzake chembe ya fosfati. (Deski mwenzangu alisema majina haya ni kama ya timu ya kandanda ya mtaani.) ERK huingia ndani ya kiini cha seli, na humo jeni za kugawanyika hufunguliwa. Seli hunakili DNA yake yote, kisha hugawanyika kwa ile mitosisi tunayochora kila mtihani na kupoteza alama kwa sababu ya kusahau nyuzi.

Kwa panya, kilele cha kunakili DNA hufika saa 24 hivi baada ya upasuaji. Fikiria jambo hilo. Leo amekatwa, kesho saa kama hizi mamilioni ya seli yanajiandaa kugawanyika.

Sasa tukaze mkanda, maana hapa ndipo jibu lilipojificha. Kuanza ni rahisi. Je, ini linajuaje pa kuachia?

Mbiu ya kuacha nayo ina wapigaji wake. Mmoja ni TGF-beta, ambayo hutolewa na zile zile seli za nyota pamoja na jirani zake, na ambayo huzuia seli ya ini isigawanyike. Mwingine ni mfululizo wa protini uitwao Hippo. Tafadhali, wale wa Milimani msifikirie viboko wa Hippo Point! Ingawa nanyi hamko mbali sana na ukweli, kwa sababu jina hilo lilitolewa mwaka wa 2003 na watafiti wa vijizi vya matunda walioona nzi wasio na jeni hiyo wakiota vichwa vinene vyenye mikunjo, wakakumbuka kiboko. Kazi ya Hippo ni kumfungia nje ya kiini protini mmoja mkorofi aitwaye YAP. YAP akiingia ndani ya kiini seli hugawanyika. Ini likifikia ukubwa wake, Hippo humshika YAP kola akamtoa.

Mwaka wa 2007 watafiti waliwatengeneza panya ambao YAP wao angeweza kuwashwa na kuzimwa kama taa. Walipomwasha, ini la panya ambalo huwa karibu asilimia 5 ya uzito wa mwili likafikia kama asilimia 25 kwa wiki nne. Robo ya panya ikawa ni ini! Walipomzima YAP, ini likanywea tena. Lakini wale waliowachwa na YAP akiwa amewashwa kwa muda mrefu walipata uvimbe wa saratani. Hawakuletewa kitu kigeni. Ilikuwa ni mbiu yao wenyewe iliyokosa kunyamaza.

Niliposoma habari hiyo nilifunga daftari nikamfikiria yule mzee wa baiskeli.

Kwa hiyo saratani ya ini huanzaje kwa mtu ambaye hakuna aliyemwasha YAP kama taa? Njia ni nyingi, lakini sehemu zetu hizi za dunia wako wawili wanaojulikana sana: virusi vya homa ya ini aina ya B, yaani hepatitisi B, na ukungu wa mahindi na njugu.

Virusi vya hepatitisi B vina ujanja. Vyenyewe haviiui seli ya ini. Vinakaa ndani tu kama mpangaji asiyelipa kodi. Anayeua ni askari wa mwili wetu, anayeipiga seli iliyoingiwa. Seli ikifa mbiu inalia, jirani anagawanyika, virusi vinamwingia jirani, askari anampiga, mbiu inalia tena. Hivyo hivyo kwa miaka 20, miaka 30, na mgonjwa hana habari, anatengeneza baiskeli. Kila mara seli inapogawanyika hunakili herufi zipatazo bilioni 3 za DNA mara mbili, na hata mwandishi hodari wa mtihani hukosea herufi. Zaidi ya hayo, virusi hivi huweza kuchomeka vipande vya DNA yao katikati ya DNA yetu, na protini yao moja iitwayo HBx huvuruga upokezanaji wa habari ndani ya seli. Wakati huo huo seli za nyota, kwa kusikia kelele za kila siku, huacha kutunza vitamini na kuanza kusuka makovu. Ini likijaa makovu huitwa sirosisi, na saratani nyingi za ini huota katika ini la namna hiyo.

Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, virusi hubaki mwilini kwa watoto kama 9 katika kila 10. Mtu mzima akiambukizwa, kwa damu au kwa kujamiiana, huweza kuvifukuza mara nyingi. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi navyo.

Ukungu nao una njia yake. Unaitwa Aspergillus flavus, na ukimea katika mahindi yasiyokauka hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Hapa kuna jambo la kusikitisha. Aflatoksini inapoingia kwenye ini, ini hufanya kazi yake ya siku zote ya kuivunja sumu. Lakini katika kuivunja, huigeuza kwa muda kuwa kitu kikali kuliko ilivyokuja, kinachong'ang'ania DNA kama gundi, hasa kwenye herufi G. Seli ikinakili DNA yenye gundi, husoma vibaya. Mwaka wa 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa China na jingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika, yalikuta kosa lile lile mahali pale pale: katika jeni ya protini iitwayo p53, sehemu ya 249, herufi G imekuwa T. Kosa la herufi moja hugeuza arginini kuwa serini, na p53 huharibika.

Sasa p53 ni nani? Ni mlinzi wa ndani. DNA ikiharibika, p53 huiambia seli isimame kwanza irekebishe, na ikiwa haiponyeki huiamuru ife. Ndiyo maana nikasema habari ya sikio. Aflatoksini huziba sikio la kuacha, huku hepatitisi B ikiendelea kupiga mbiu ya kuanza. Wawili hawa wakikutana katika mwili mmoja, jamani, ni msiba. Utafiti wa wanaume wa Shanghai uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba wenye dalili za aflatoksini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wasio nayo, wenye hepatitisi B peke yake mara 7, na wenye vyote viwili karibu mara 60. Hesabu hapa si ya kujumlisha. Mwalimu wa Hisabati ataelewa kwa nini nilishtuka.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya China. Ngoja basi turudi nyumbani.

Mwaka wa 1960, wakati batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye ukungu, bata wadogo walikuwa wakifa hapa Kenya pia. Ndipo aflatoksini ikajulikana duniani. Mwaka wa 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wao wa Murang'a. Walipima chakula kilicholiwa nyumbani kwa watu, nyanda za juu, za kati na za chini, wakalinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini kutoka sehemu hizo. Kule chini kwenye joto, chakula kilikuwa na aflatoksini nyingi zaidi, na saratani ilikuwa nyingi zaidi. Utafiti huo umetajwa katika vitabu vya nchi nyingi, na sisi tunaokula mahindi hayo hatuufundishwi.

Aflatoksini ikiwa nyingi sana haingojei saratani, huua mara moja. Mwaka wa 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa mwaka huo, sampuli 55 katika kila 100 zilizidi kiwango cha sehemu 20 katika bilioni kilichoruhusiwa siku hizo, na 7 katika kila 100 zilizidi sehemu 1,000. Ini la watu wale halikupata hata nafasi ya kupiga mbiu, kwa sababu seli zilikufa zote pamoja na hapakubaki wa kuisikia. Lakini kiasi kidogo kidogo cha kila siku hakiumi tumbo wala hakina harufu.

Hapa kandokando ya ziwa tuna jambo jingine la kutuchanganya. Mtu akifura tumbo watu wa ufuo husema ni kichocho, na si ujinga, maana kichocho cha Ziwa Victoria hugusa ini kweli. Waosha magari wa hapa Kisumu, wanaosimama majini kutwa, walifuatwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI kuanzia miaka ya tisini kwa sababu kila wakitibiwa huambukizwa tena. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama. Mwili huyazungushia kovu. Seli za nyota ndizo tena husuka kovu hilo. Nyuzi zile zile, kitambaa kingine. Kovu hubana mishipa, damu hurudi nyuma, tumbo hujaa maji, wengine hutapika damu. Ila seli zenyewe za ini huendelea na kazi kwa muda mrefu, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo. Kwa hiyo tumbo kufura pekee hakukwambii ni ugonjwa gani. Mzee wetu alikunywa dawa ya kichocho mara mbili kabla ya kupelekwa hospitali.

Nilimuuliza mwalimu kama haiwezekani kutengeneza dawa ya kuziba hiyo mbiu. Iko. Dawa ya sorafenibu, iliyoidhinishwa kwa saratani ya ini mwaka wa 2007, humzuia Raf (yule wa timu ya mtaani) na masikio mengine kadhaa. Katika majaribio, wagonjwa waliopewa dawa bandia waliishi kwa wastani wa miezi 7.9, na waliopewa sorafenibu miezi 10.7. Kwa hivyo ni kama miezi mitatu. Baadaye dawa nyingine zimepatikana ambazo huwaamsha askari wa mwili, nazo zimesogeza mbele zaidi, lakini si kwa bei ya fundi wa baiskeli. Sababu ya ugumu huu naiona wazi sasa. Mbiu ina njia nyingi. Ukiziba moja seli hupitia nyingine, kama boda boda wakati wa msongamano wa Kondele. Na tena huwezi kuziba zote, kwani ini zima nalo lazihitaji ili lipone.

Kwa hiyo faida kubwa iko mwanzoni, kabla sikio halijazibwa. Kenya ilianza kuwadunga watoto wachanga chanjo ya hepatitisi B mwishoni mwa mwaka wa 2001, ndani ya ile sindano ya magonjwa matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake sisi wa kidato cha tatu wengi wetu tulidungwa tukiwa tunanyonya. Wazazi wetu hawakudungwa. Mtu mzima anaweza kupimwa damu, na asipokuwa navyo akachanjwa. Akiwa navyo, kuna vidonge vya kuvipunguza makali na ini likapumzishwa kelele. Wengi hawajawahi kupimwa kwa sababu hawaumwi.

Upande wa ukungu kazi ni ya nyumbani, na nyumbani ndiko nilikopata tabu.

Mwezi wa nane nyanya alikuja kututembelea kutoka Nyakach na nusu gunia la mahindi ya shamba lake. Gunia lilinyeshewa juu ya matatu njiani, na kabla ya hapo lilikuwa limekaa chini sakafuni. Mama alipolifungua wiki mbili baadaye, punje nyingine zilikuwa na unga wa kijani. Nikasema tusile.

"Tangu nizaliwe tumekula mahindi ya namna hii," nyanya akasema. "Nani amekufa?"

Nilimkumbuka mtu mmoja lakini nikanyamaza, kwani sikuwa na hakika ni nini kilichompata yeye, na mtoto hamjibu nyanya hivyo. Nikasema tu kwamba kuchemsha hakusaidii. Sufuria ya ugali hupata moto wa nyuzi 100 hivi, na aflatoksini huhitaji zaidi ya 200 ili ivunjike. Mama akauliza kama wiki hiyo tutakula vitabu vyangu. Hakuwa na ubaya. Gorogoro ilikuwa imepanda, na baba alikuwa hajalipwa.

Tukakubaliana kuchambua. Jambo hili nilikuwa nimelisoma: sumu haienei sawasawa, mara nyingi hujaa katika punje chache zilizooza, zilizopasuka au zilizotobolewa na wadudu, hivyo kuzitoa hupunguza sumu nyingi ijapokuwa haiimalizi. Yanayobaki yapaswa kukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kuwekwa juu ya mbao, si sakafuni. Chumvi husaidia kupima: unatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, na chumvi ikigandamana na chupa mahindi bado ni mabichi. Tulichambua mchana kutwa, watu watatu, juu ya turubai.

Jioni akaja mama mmoja anayepika busaa, akaona lile rundo la mabovu, akasema atalinunua lote. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Nikamwambia polepole kwamba busaa haiondoi sumu, itamfuata mnywaji hadi kwenye ini lake. Kuwapa kuku pia haifai. Mama akamwambia yule mwanamke arudi kesho.

Mazuri yalitoka gorogoro nane. Nyanya aliyahesabu mwenyewe. Asubuhi nilipoamka kujitayarisha kuja shule nilimkuta nyuma ya choo, kanga amejifunga kiunoni na jembe mkononi, akilifukia lile rundo la mabovu, na hakunisemesha.